Saa ya Mwalimu wa Kinanda Si Yako Peke Yako



Vyuo vikuu vinapofunga, baadhi ya vijana wanaorudi kwetu Namtumbo humwendea mwalimu wa kwaya na kuomba awafundishe kinanda. Ni jambo jema. Wanapatana siku, saa na malipo kidogo, na masomo yanaanza. Wiki ya kwanza mwanafunzi anawahi. Ya pili anachelewa. Ya tatu haonekani, na simu haipokei. Akiulizwa, anajibu: "Si nimelipa? Nisipokuja, hasara ni yangu."

Jibu hilo linasikika la kiungwana, lakini si la kweli. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaieleza haki kuwa fadhila ya kumpa kila mtu kilicho chake, kwa utashi thabiti. Tujiulize basi: saa ile ni ya nani? Mwalimu ameacha mahindi yake shambani msimu wa kuvuna ili akusubiri. Huenda pia amemkatalia mtoto mwingine aliyeomba saa hiyohiyo. Malipo yako yanahusu kazi ya kufundisha; hayakupi ruhusa ya kumkalisha mtu bure. Katika mazoezi ya kwaya, akikosa mmoja wa sauti ya tatu, wenzake wataimba. Katika somo la mtu mmoja, ukikosa wewe, hakuna somo.

Kuna hasara nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 29, unafundisha kwamba wanakwaya wanatoa huduma halisi ya kiliturujia. Namba 115 inahimiza muziki ufundishwe kwa uzito katika seminari na katika taasisi nyingine za Kikatoliki. Kwa hiyo anayejifunza kinanda ili ahudumie kanisani hajifunzi kwa ajili yake tu. Kuna kigango kinachomsubiri, hata kama bado hakimjui.

Wapo watakaosema: kijana anajitolea, tukimbana ataacha. Hofu hiyo naielewa. Lakini Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anaonyesha kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba kwa kupiga huko huko wengine huwa wapigaji wazuri na wengine wabaya. Mazoea hayana likizo. Anayezoea kukosa anajifunza kukosa, na siku akikabidhiwa Misa ya Jumapili, atakosa vilevile.

Kwa upande mwingine, utaratibu usiwe fimbo. Hapa wilayani kwetu tuna jirani wa kutufundisha: wamonaki Wabenediktini wa Hanga. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 43, inazungumzia wanaochelewa sala. Benedikto anaagiza zaburi ya mwaliko ya sala ya usiku isomwe polepole ili wachelewaji waiwahi. Anayechelewa zaidi ya hapo anawekwa mahali pa mwisho, lakini hafungiwi nje, kwa sababu akibaki nje atarudi kulala au atakaa kupiga soga. Afadhali aingie, aone aibu kidogo, asipoteze vyote.

Hapo ndipo naona kipimo chetu. Umechelewa? Njoo, usome dakika zilizobaki, wala usidai za nyongeza. Hukufanya mazoezi wiki nzima? Njoo hivyohivyo, useme ukweli. Wanafunzi wengine hukwepa somo kwa kuona aibu kwamba vidole havijui kitu, na kumbe siku hiyo ndiyo wanamhitaji mwalimu zaidi. Ukiwa na ugonjwa, msiba au umekosa usafiri, toa taarifa kabla mwalimu hajatoka nyumbani. Haki haidai lisilowezekana. Inadai ujumbe mfupi wa simu.

Ukishafika, simu izimwe. Daftari la nota na penseli viwepo. Usikimbilie kubonyeza midundo iliyorekodiwa tayari kwenye kinanda kabla mkono wa kushoto haujajua bezi. Nyumbani kama hakuna kinanda, soma solfa kwa sauti na uzoeze vidole juu ya meza. Somo lifanyike mahali pa wazi, mlango ukiwa wazi, na paroko au wazazi wakijua. Hilo linamlinda mwanafunzi, na linamlinda mwalimu pia.

Naye mwalimu anabanwa na haki ileile. Akikosa yeye, arudishe saa hiyo. Asimtukane anayekosea nota, wala asipokee simu kila dakika huku mwanafunzi akimtazama. Tukidai heshima upande mmoja tu, tutakuwa tumeandika amri, si mapatano.

Napendekeza basi kwa kamati za liturujia za parokia zetu: kabla ya likizo ijayo, andikeni ukurasa mmoja wenye mambo haya, mwalimu na mwanafunzi wausome pamoja na kutia sahihi siku ya kwanza. Hautagharimu kitu zaidi ya karatasi. Nasi tulio seminarini tuanze kuutumia wenyewe, maana kesho tutawahimiza waamini wawahi Misa, na watatutazama sisi kwanza.