Mchezo unapobaki bila watu

Jumapili mchana, ibada ikiisha kule Yangambi, vijana wa kwaya hutafuta mahali mtandao unaposhika, kisha huinamia telefoni zao. Wanataka kuingia katika mchezo kama Free Fire, ambamo watu karibu 50 hupambana pamoja, kila mmoja kutoka mahali pake. Wanangoja. Wakifaulu kuingia, picha inakwama. Inaporudi, kijana amekwisha kupigwa. Wazee wengi wanasema: heri. Sisi hatuna haraka ya kusema hivyo.

Mchezo wa namna hii haukai ndani ya telefoni peke yake. Unakaa katika seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni, inayopokea mwendo wa kila mchezaji na kuwaonyesha wengine. Katika bara letu, vituo vikubwa vya kompyuta hizo viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon mwaka 2020. Kutoka Kisangani hadi Johannesburg ni karibu kilomita 3,000 angani, lakini data haziruki kama ndege. Nyingine huteremka hadi Muanda, kisha hupita katika waya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 6 Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, mbele ya mlango wa mto Congo, ukakata waya mbili, WACS na SAT-3. Ndiyo, mto huu huu unaopita Yangambi.

Kwa hiyo watu wanapopungua katika mchezo, wa mbali ndio wanaoumia kwanza. Kungoja kunakuwa kurefu. Kampuni inaona seva fulani haina watu wa kutosha, inaifunga, na waliobaki wanapelekwa kwenye seva ya mbali zaidi. Huko mchezo unakwama zaidi, na wengine nao wanaacha. Mchezaji wa Paris anaweza asijue kama kuna kitu kilichobadilika.

Yangambi inaujua mzunguko huo bila telefoni. INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo. Watafiti wengi walipoondoka baada ya 1960, vyombo vilikosa matunzo. Vyombo vilipochakaa, hata waliotaka kubaki walipungukiwa na kazi. INERA ingali pale, na miti iliyokaushwa na kuandikwa majina ingali imehifadhiwa. Katika mchezo uliofungwa hakibaki hata hicho.

Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilizima seva za mchezo wake The Crew tarehe 31 Machi 2024. Walioununua walibaki mikono mitupu, hata waliokuwa wakicheza peke yao. Huko Ulaya watu walikasirika, na kufikia Julai 2025 zaidi ya milioni moja walikuwa wametia sahihi wakidai sheria. Kijana wetu anayetoa franka zake kununua nguo za mtu wa ndani ya mchezo hana pa kutia sahihi. Ameazimwa tu, na mwenye mali anaweza kuichukua.

Lakini fedha si hasara kubwa kuliko zote. Barabara zimefungwa na vita, na kijana wa Kisangani hawezi kwenda kumwamkia mwenzake aliyebaki Goma. Katika mchezo wanaweza kusikia sauti, kucheka, kuulizana habari za nyumbani. Chumba hicho kikifungwa, hakuna atakayetangaza kanisani kwamba wawili hao wamepotezana. Tulionja kidogo wakati intaneti ilipokatwa nchini kote tarehe 31 Desemba 2018, kwa siku karibu 20.

Viongozi wa vijana, kabla ya kukataza, ulizeni: mnacheza na nani, na mna namba yake ya telefoni? Tena iko michezo isiyodai seva ya mbali. Mini Militia inaweza kuchezwa na marafiki kadhaa kwa kuunganisha telefoni zao wenyewe, bila mega hata moja, chini ya mti ule ule.