Sitawatumia matairi ya huku

Ndugu zangu,

  

Kila linapopakiwa kontena hapa Birmingham kwenda Dar es Salaam, simu yangu hujaa ujumbe. Shemeji anataka matairi manne ya Noah. Mpwa wangu anataka mawili ya mbele ya Premio. Baba mdogo anataka ya Hiace yake, na anasema hata yaliyotumika hayana neno, mradi ni ya Ulaya. Mnajua nafanya kazi kwenye karakana ya matairi, kwa hiyo ombi lenu mnaliona dogo. Na kweli, matairi yapo. Tunayavua kutwa nzima na kuyarundika nyuma ya jengo. Lakini sitayatuma, na nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjasema huku kumenibadilisha.

Jiulizeni kwanza tairi hilo limefikaje kwenye rundo. Mzungu hatupi kitu kizima kwa sababu ana fedha. Huku sheria inadai kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 1.6, na gari la kawaida likishatimiza miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka. Tairi jipya la gari dogo huanza na kama milimita 8. Likichakaa mpaka mwisho, kila mtu anaona limekwisha. Linalonitia hofu ni lile lenye kashata ndefu, zinazovutia macho, ambalo mwenyewe amelilipia pesa ya kutupwa. Hilo lina sababu ambayo haionekani kwa nje. Pengine liligonga ukingo wa barabara, nyuzi za ubavuni zikakatika. Pengine lilipigwa msumari karibu na bega la tairi, mahali ambapo haturuhusiwi kuziba. Au liliendeshwa bila upepo. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kwa nje limetulia kabisa, ila tukilitoa kwenye rimu tunakuta ndani unga mweusi umejaa: ni mpira wa ubavu uliosagika gari likitembea juu yake. Unga huo ukipanguswa kwa kitambaa, mnunuzi hana habari tena.

Hapa Uingereza anayeuza tairi lililotumika analazimika kulipiga mhuri unaosema limetumika, alikague ndani na nje, na mifereji yake iwe na angalau milimita 2. Sheria hiyo inamlinda mnunuzi wa hapa. Kwenye safari ya baharini, kinachotazamwa ni kashata na idadi. Nimeona kwa macho yangu jinsi yanavyopakiwa: ili kontena lijae sawasawa, tairi linakunjwa na kushindiliwa ndani ya tairi jingine, na mara nyingine la tatu ndani ya hayo mawili. Yanakaa hivyo wiki kadhaa ndani ya bati linalopigwa na jua. Ukingo wa tairi, ule unaokaa kwenye rimu, una waya za chuma ndani yake. Ukishapindwa, haunyooki tena kama ulivyotoka kiwandani. Kisha huko mwisho wa safari linachomolewa kwa nondo, linatanuliwa, linapakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, na mnaambiwa ni mali safi kutoka Ulaya.

Sasa niseme juu ya umri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Tazameni ubavuni, baada ya herufi DOT, mtakuta mstari wa herufi na tarakimu. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwa tairi: 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkikuta tarakimu tatu tu, hilo liliundwa kabla ya mwaka 2000, liacheni hapohapo. Na jueni jambo hili ambalo wauzaji wengi wanalijua vizuri: tarehe kamili si lazima iandikwe pande zote mbili. Fundi akishalifunga kwenye rimu upande wenye tarehe ukiwa ndani, hutaiona mpaka uingie chini ya gari. Ndiyo maana nawaambia mlitazame tairi likiwa mikononi mwenu, mligeuze, mpapase ndani kwa kiganja, kabla halijaguswa na mashine.

Mpira huzeeka hata ukikaa bila kutumika. Hewa na joto huukausha kutoka ndani, na mshikamano wake na nyuzi za chuma hulegea. Mwaka 2012 basi lililobeba vijana waliokuwa wakitoka kwenye tamasha la muziki lilipata ajali huku kusini, katika jimbo la Surrey, wakafa watu watatu. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Mama wa mmoja wa marehemu alipigania jambo hilo kwa miaka, na tangu Februari 2021 ni marufuku hapa basi au lori kuwa na tairi la mbele lililozidi miaka 10. Na hii ni nchi ya baridi. Marekani, mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe matairi milioni 6.5 yaliyokuwa yakibanduka kashata na kupindua magari ya Ford Explorer, na sehemu kubwa ya ajali hizo ilitokea katika majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Hata kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imeshaanza kubadilisha matairi ya aina hiyo huko Saudi Arabia. Joto ndilo linalofichua tairi bovu. Sasa fikirieni barabara ya Chalinze kwenda Segera mwezi wa Desemba, saa nane mchana, gari limejaa watu na mizigo ya sikukuu.

Kuna maneno ya dukani ninayoyasikia kila nikija likizo, na naomba mjue jinsi ya kuyajibu.

Mtaonyeshwa herufi E ndani ya duara, na pembeni yake namba. Mtaambiwa, "Unaona E1? Hili la Mjerumani." Namba hiyo inataja nchi iliyotoa kibali, haitaji kiwanda. Tairi lililotengenezwa China linaweza kuwa na E4, ambayo ni Uholanzi. Palipotengenezwa huandikwa waziwazi kwa jina la nchi.

Mtauziwa tairi lenye mifereji minene, eti la matope. Angalieni ubavuni kama kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji katikati. Mengi yenye alama hiyo ni matairi ya majira ya baridi, ambayo Wajerumani huyafunga theluji inapokaribia. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike barabara yenye ubaridi wa chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dar unalainika kupita kiasi, unakwisha upesi, na gari linachelewa kusimama.

Kuna yaliyochongwa. Wenyewe mmeona vijana wakikaa na kisu cha moto wakichora mifereji upya kwenye kipara. Matairi ya malori, yale tu yaliyoandikwa kwamba yanachongeka, huachiwa mpira wa ziada kwa kazi hiyo. La gari dogo halina. Njia ya kulitambua ni hii: kila tairi la gari lina vibonge vidogo vya mpira vilivyokaa kukatiza chini ya mifereji, na begani kumeandikwa TWI kuonyesha vilipo. Kashata zikishuka zikalingana navyo, tairi limefika mwisho. Kisu kikipita hukata na hivyo vibonge. Mkizungusha tairi zima msivione, au mkaona nyuzi zimechungulia ndani ya mfereji, ondokeni bila kubishana.

Halafu lile neno, "hii inaingia tu, rimu ni ileile." Baba mdogo, hapa nasema na wewe. Hiace nyingi huvaa 195 R15 yenye herufi C, na baada ya saizi hufuata namba kama 106. Hiyo ni namba ya uzito: 106 ni kilo 950 kwa kila tairi. Saluni huvaa 195/65 R15, na yake mara nyingi ni 91, yaani kilo 615. Rimu ni ya inchi 15 kweli, na tairi litaingia kweli. Lakini manne ya saluni yanabeba kilo 2,460, wakati manne yanayostahili yanabeba 3,800. Hiace yenyewe na abiria wake, kreti za nyanya juu ya kichwa chake, haibebwi na hesabu hiyo ya kwanza. Herufi inayofuata namba ni ya mwendo, S ni kilometa 180 kwa saa na H ni 210. Muuzaji akiisifia sana, mwacheni aisifie. Uzito ndio unaotuua.

Saizi na upepo sahihi vimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu ya Kijapani huandika kwa kPa: 230 ni kama psi 33. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi. Msijaze kwa hiyo.

Najua bei ya jipya inauma. Wengi wenu mnakumbuka kiwanda cha General Tyre pale Arusha, kilichoacha uzalishaji mwaka 2009, na tangu hapo sisi ni watu wa kupokea kinacholetwa. Hata hivyo, kati ya jipya la China la mwaka huu lenye namba ya uzito inayotosha na la Ulaya lenye miaka tisa, mimi ningemfungia mama yangu lile la China bila kusita.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Fedha ambayo ningelipia nafasi kwenye kontena nitaichangia kwenye mapya. Hiace itangulie kwa sababu inabeba watoto wa watu. Noah ifuate, na Premio isubiri mwezi ujao, mradi isitoke nje ya mji. Mkifika dukani nipigieni picha ubavu wa kila tairi, pande zote mbili, na kibandiko cha mlangoni. Nikiwajibu ndipo mlipe, na risiti ya EFD iandikwe jina la tairi na saizi yake. Siku za kazi natoka saa kumi na mbili jioni, kwenu ni saa mbili au tatu usiku na maduka yamefungwa, kwa hiyo nendeni Jumamosi asubuhi. Nitakuwa na simu mkononi.

Ni mimi ndugu yenu,
Birmingham, Uingereza