Kabla ya kuinua nyundo, mtoto yuko wapi?

Jumamosi asubuhi, baba mmoja mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, aliamua kutengeneza gari lake mwenyewe uani. Bushi za mkono wa chini wa gurudumu la mbele zilikuwa zimekwisha. Kila alipovuka tuta gari liligonga, na akishika breki usukani ulivuta upande. Bushi mpya alikuwa nazo, ila mashine ya kushindilia hakuwa nayo. Fedha ya fundi mwezi huo ilikuwa imeshakwenda kwenye ada.

Mwanawe wa miaka saba alichuchumaa pembeni akimpa spana. Ya zamani ilitoka, mpya ikagoma kuingia. Baba akachukua nyundo. Pigo la pili, kipande cha chuma kiliruka na kugonga bati la uzio, shubiri mbili kutoka usoni mwa mtoto.

“Baba watoto, mtoto atoke hapo kwanza,” mama alisema akiwa mlangoni.

Kazi ikasimama.

Kwa nini bushi hukaza

Bushi ni mpira ulioshikana na bomba la chuma. Hutengenezwa ikiwa kubwa kidogo kuliko tundu lake ili isicheze, hivyo kukaza si kasoro. Ukiigonga, bomba hujikunja na mpira huchanika. Chuma kigumu kikigongwa kwa chuma kigumu hurusha vipande vyenye kasi ya kutoboa jicho.

Baba yule alibadili njia. Alisafisha tundu kwa msasa hadi kutu ikaisha. Bushi akaifunga ndani ya mifuko miwili, mbali na chakula, ikalala kwenye friza, kwa kuwa chuma kikipoa hunywea kidogo.

Jumapili alitumia bolti ndefu imara, nati, washa nene mbili na kipande cha bomba pana kuliko bushi. Bolti ilipita katikati ya vyote. Bomba liliegemea upande wa pili wa tundu, na washa ikakaa kwenye ukingo wa chuma wa bushi, si kwenye mpira. Alipaka maji ya sabuni kidogo. Oili na grisi ya kawaida hakugusa, kwa sababu huharibu mpira. Kila alipokaza nati, bushi ilivutwa ndani polepole. Ilipokwenda upande, alilegeza na kuanza upya.

Aliporudisha mkono garini, bolti inayopita katikati ya bushi hakuikaza hadi mwisho. Alisubiri gari litue kwenye magurudumu yake. Ikikazwa gari likiwa limeinuliwa, mpira hubaki umejinyonga na hufa mapema. Kesho yake alikwenda kufanya alaimenti ya magurudumu.

Uani pana hatari nyingine

Wapo wanaochoma bushi ya zamani ili itoke. Moshi wa mpira una sumu, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuamsha shambulio. Itolewe kwa bolti na bomba kama ilivyoingizwa mpya.

Jeki huinua gari, haikupi ruhusa ya kuingia chini yake. Weka stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Tofali la saruji hupasuka bila kukuaga.

Petroli au mafuta ya taa ya kuoshea vyuma yasiwekwe kwenye chupa ya soda au maji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwahishe hospitali pamoja na hiyo chupa.

Chuma kikiingia jichoni, usisugue wala usichomoe. Funika jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe cha karatasi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua.

Haya yote hayana maana ya kumfukuza mtoto. Anayemwona mzazi akifanya kazi kwa mikono hujifunza mengi. Mpe kazi ya umri wake, mahali pake. Yule wa Kimara alikalishwa barazani na bakuli, akapewa jukumu la kuhesabu nati zinazotoka na zinazorudi. Ni yeye aliyegundua kuwa moja imebaki chini ya kitambaa.

Jumatatu jioni gari lilivuka tuta bila kugonga. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, macho yote mawili dirishani.