Mwendesha Baiskeli Asiye na Hema



Ndugu msomaji, kwetu Isaka baiskeli si kitu cha kushangaza. Inabeba mkaa, madumu ya maji, gunia la mpunga, mgonjwa anayepelekwa zahanati na katekista anayekwenda kigangoni. Kinachoshangaza ni mtu anayeipanda kwa hiari yake, peke yake, maelfu ya kilomita. Watu wa namna hiyo huonekana kwetu, kwa sababu barabara itokayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, inapita hapa kuelekea Tinde. Wanapita katikati ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, mizigo imefungwa pande zote mbili za magurudumu, na watoto wanawakimbilia wakishangilia.

Likizo iliyopita mmoja wao alifika nyumbani kwetu jioni. Alikuwa kijana wa Norwei, wa rika langu, ametoka Kigali. Aliomba mahali pa kusimika hema. Mama hakutaka kusikia habari ya mgeni kulala nje wakati nyumba ipo. Mwishowe walikubaliana: hema uani, chakula ndani. Alichinjiwa kuku. Mimi nilikuwa mkalimani, na nilijiona mkarimu kweli.

Wakati wa chakula alitusimulia kwamba kabla ya kuja Afrika alijaribu nguvu zake nchini kwao. Aliendesha baiskeli peke yake kutoka Oslo hadi Nordkapp, huko kaskazini ambako katikati ya kiangazi jua halizami. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na karibu kila usiku alilala hemani. Nilimuuliza alikuwa akiomba ruhusa kwa nani. Akasema hakuomba kwa yeyote. Norwei ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kulala kwenye ardhi isiyolimwa hadi siku mbili, mradi hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu. Uswidi nako kuna haki ya mapokeo inayofanana na hiyo, na tangu 1994 imetajwa katika katiba. Mama aliposikia alicheka, akasema: “Sasa mita mia na hamsini, watakuletea uji saa ngapi?”

Siku nne baadaye alikuja mwendesha baiskeli mwingine. Ilikuwa yapata saa moja usiku. Alikuwa na Phoenix kuukuu, na kwenye keria amefunga sululu na blanketi. Alisalimia, “Mwadila,” akajieleza: ametoka upande wa Igunga, ni siku ya pili njiani, anakwenda Geita kutafuta kazi machimboni. Ameambiwa nyumba hii ina frateri. Aliomba kulala barazani tu, alfajiri aondoke.

Mama alikuwa jumuiyani. Nilimuuliza kitambulisho, akasema hana. Nikamwelekeza kwenye gesti za stendi, nami nilikuwa najua hana hela. Akajibu, “Haya frateri, asante,” akageuza baiskeli yake. Mama aliporudi nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: “Sasa amelala wapi?” Sikuwa na jibu.

Yule wa kwanza sikumuuliza hata pasipoti.

Katika darasa la falsafa tumemsoma Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha amani ya kudumu, cha mwaka 1795, anasema mgeni anayefika kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui. Sababu yake ni rahisi: dunia ni mviringo, hatuwezi kutawanyika bila kikomo, lazima tutakutana. Lakini Kant anatofautisha haki ya kupita na haki ya kukaribishwa nyumbani. Hii ya pili, kwake, inahitaji mapatano maalumu. Sheria ya Norwei ni ya aina ya kwanza: hakuna atakayekufukuza, lakini hakuna anayelazimika kukufungulia mlango. Desturi yetu inakwenda mbele zaidi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mlango tunaufungua. Udhaifu wake ni kwamba inategemea moyo wa mwenye nyumba usiku ule, na moyo huchagua. Wangu ulimchagua mwenye hema, yaani yule ambaye angeweza kulala popote bila mimi.

Mtakatifu Benedikto aliliona jambo hili tangu karne ya 6. Katika sura ya 53 ya Kanuni yake anaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo, lakini maskini na mahujaji waangaliwe kwa bidii zaidi, kwa kuwa tajiri hupata heshima hata bila kuagizwa, anaogopwa. Na Bwana wetu katika Mathayo 25 anamweka mgeni pamoja na mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Hamweki pamoja na watalii.

Najua utaniambia: frateri, wezi wapo. Ni kweli, na sisemi tuache milango wazi. Nasema woga wetu usituchagulie wageni. Vigango vingi viko kandokando ya barabara hii. Hatushindwi kutenga baraza moja, mkeka, ndoo ya maji, pampu na viraka vya pancha. Anayefika aandikwe jina kwenye daftari, mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe, asubuhi aende zake. Masharti yawe hayohayo kwa mwenye pasipoti na kwa mwenye sululu. Hapo ukarimu wetu utakuwa na kanuni, wala hautasubiri mama arudi kutoka jumuiyani.

Mafrateri wenzangu, tunajiandaa kuwa wachungaji wa watu wanaosafiri hivi: kwenda Geita, kwenda Kahama, kwenda popote penye kibarua. Wengi wao hawatatuuliza swali la falsafa. Watauliza kama wanaweza kulala barazani. Mimi niliulizwa, na nikafeli. Nikirudi likizo ijayo nitaanza na baraza ya kwetu, na daftari nimeshanunua.