Shauri kwa Mwenye Kutaka Motokaa ya Kale

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi, khasa vijana, juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kuliona katika ukurasa huu, nalo ni kununua motokaa ya kale ya mbio. Nasema juu ya ile motokaa ambayo mwenyewe hainunui ili impeleke kazini kila siku, bali aitoe bandani siku ya mapumziko, apunge nayo upepo, kisha airudishe. Vijana wengi huitamani, na kutamani si kosa. Lakini nimeona jinsi tamaa hiyo inavyoweza kumfumba mtu macho na kuingiza khasara nyumbani mwake. Basi nitawasimulia yaliyompata mpwa wangu, naye ameniruhusu, ili mwenye nia kama yake apate kujifunza bila ya kulipa ada aliyoilipa yeye.

Mpwa wangu huyu, mtoto wa dada yangu, anakaa Leicester, Uingereza, pamoja na mkewe na watoto wao wawili wadogo. Nilipokwenda kuwazuru wakati wa joto, hata chai sijaimaliza, alikwisha nionyesha picha ya motokaa. Ilikuwa ni MGB, aliyokuwa akiipenda tangu ujana wake.

Kwa wasioijua, MGB ni motokaa ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Herufi M na G zatokana na jina la Morris Garages, karakana ya mjini Oxford, na motokaa zenyewe ziliundwa katika mji wa Abingdon, si mbali na hapo, mpaka mwaka 1980. Katika muda huo ziliundwa zaidi ya 500,000. Ile ya asili ina viti viwili na paa la turubai likunjwalo. Mwaka 1965 ikatokea nduguye, MGB GT, yenye paa la bati na kiti kidogo cha nyuma. Injini yake ni ya silinda nne, na nguvu zake ni za farasi 95 hivi. Motokaa nyingi za siku hizi za kupelekea watoto shule zaishinda kwa mbio.

Basi kwa nini watu waipenda? Waipenda kwa kuwa ina tabia yake. Usukani wake hausaidiwi na mashine yoyote, hata mikono ya dereva hupata khabari za barabara yenyewe. Kabureta zake mbili hutaka mtu mwenye sikio la kuzirekebisha. Asubuhi ya baridi, mwenye kuiwasha hana budi kuvuta choki na kungoja kwa subira. Imekaa chini karibu na ardhi, hivi kwamba mtu aendaye maili 40 kwa saa katika njia za mashamba hujiona kama anaruka. Starehe yake ni hiyo, wala haitaki mbio za kuvunja sheria.

Mpwa wangu alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu. Siku chache kabla sijafika aliona tangazo la MGB ya mwaka 1972, nyekundu, ya paa la turubai, rimu zake za spoki zikimeta kwa kromu. Akaenda kuitazama peke yake, jioni, mvua ikinyunya. Akaizunguka mara moja, akaiwasha, injini ikanguruma vizuri, moyo ukamhama. Palepale akatoa arubuni ya paundi 500, kwa maandishi kwamba akighairi hairudi. Mkewe hakumwambia.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umeikagua na nani?" Akanyamaza. Nikamwambia, "Bado hujalipa zilizosalia. Tafuta mtu ajuaye, twende naye." Jirani yake alikuwa mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi ya ufundi wa motokaa maisha yake yote, naye akakubali kufuatana nasi. Alichukua vitu vitatu tu: tochi, jeki, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi.

Tulifika mchana, jua linawaka. Mimi nilidhani ataanza kwa kufungua boneti. Hakuigusa. Akasema, "Injini nitaitazama mwisho. Injini hutengenezeka. Motokaa hii ni bodi yake." Kisha akatueleza maneno ambayo kila mwenye kununua motokaa ya namna hii yampasa kuyajua.

Motokaa iliyoitangulia, MGA, ilikuwa na chesisi yake ya chuma, na bodi imewekwa juu. MGB haina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo ibebayo kila kitu. Na katika ile isiyo na paa la bati, sehemu kubwa ya nguvu imo katika boriti mbili za bati zipitazo chini ya milango, kutoka upande wa gurudumu la mbele hata la nyuma. Boriti hizo zina uwazi ndani yake. Maji huingia humo, pamoja na chumvi inyunyizwayo barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Uonapo kidonda kidogo nje, fahamu kwamba ndani mmekwisha liwa zamani.

Mzee akapitisha sumaku yake juu ya mlango, ikanasa. Akaishusha chini ya mlango, ikaanguka. Akarudia mahali pengine, ikaanguka tena. Pale hapakuwa na bati, ila udongo wa kuzibia mashimo, umesuguliwa vizuri na kupigwa rangi nyekundu. Kisha akatia jeki mahali pake chini ya ubavu, akainua kidogo kidogo, akatuambia tutazame mwanya ulio baina ya mlango na bodi. Jeki ilivyopanda, mwanya ukapungua mpaka ukafumba kabisa. Mpwa wangu akavuta kitasa, mlango usifunguke. Motokaa ilikuwa inapinda katikati kama ubao uliooza.

Mwenye kuuza alikuwa amesimama kando. Hakudai kwamba hakujua. Alisema tu, "Hukuniuliza."

Ndugu zangu, hapo nataka mtue kidogo. Aliyefunika kutu kwa rangi alikuwa anauza khatari, kwani ukigongwa ubavuni katika motokaa kama ile, kilichoko baina yako na kinachokugonga ni udongo na rangi. Wala haimtoi mtu lawamani kusema kwamba hakuulizwa. Aibu ya kitu aijuayo muuzaji ni wajibu wake kuitaja. Lakini na mnunuzi naye ana wajibu wake, asije akaitazama mali kwa moyo peke yake.

Arubuni haikurudi. Njia nzima mpwa wangu hakusema neno. Usiku, watoto walipolala, akamweleza mkewe yote, nami nimo. Nilikuwa nikingoja ugomvi. Mke akasikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Bwana, paundi 500 zimekwenda, na Mungu ataleta nyingine. Linaloniuma ni jingine. Ulikwenda kununua motokaa ya viti viwili, na sisi katika nyumba hii tu wanne. Hiyo siku yako ya starehe, mimi na wanao tungekuwa wapi?"

Nikainamisha kichwa, maana hata mimi, pamoja na maswali yangu yote, swali hilo sikuliuliza.

Kwa maneno yale shauri zima likageuka. Mume na mke wakakaa wakapanga pamoja, na mzee jirani akawasaidia kwa maarifa yake. Nitayataja waliyoyapanga, kwani yafaa kwa motokaa yoyote ya kale.

La kwanza, wasinunue kwa kukopa. Motokaa ya starehe inunuliwe kwa fedha ambayo ikipotea watoto hawatalala na njaa.

La pili, fedha isitolewe yote katika kununua. Theluthi moja ya akiba ikawekwa kando kwa matengenezo, na kila mwezi kitu kidogo kiongezwe. Kuchomelea boriti mpya na kupiga rangi bodi nzima kwaweza kugharimu zaidi ya bei ya motokaa yenyewe. Ndiyo maana iliyo ghali kidogo lakini nzima huwa rahisi kuliko iliyo rahisi lakini mbovu.

La tatu, waikague mchana, wakati wa ukavu, kwa sumaku na jeki, na watazame risiti za kazi zilizofanywa. Mtu akisema boriti zilibadilishwa, aonyeshe picha za siku ile ya kuchomelea.

La nne, wajue vipuri vyapatikana wapi. Katika jambo hili MGB ina bahati. Karibu kila kitu chake chapatikana, na tangu mwaka 1988 shirika la British Motor Heritage limekuwa likitengeneza hata bodi nzima mpya kwa mitambo ya asili. Motokaa nyingine za kale ni nzuri kwa sura, lakini taa moja ikivunjika, mwenyewe huitafuta mwaka mzima.

La tano, wajue inakula nini. Injini hizi ziliundwa zamani za petroli yenye risasi, ambayo Uingereza iliacha kuiuza madukani kufika mwaka 2000. Basi yapasa kuuliza kama makalio ya vali yamebadilishwa kwa chuma kigumu zaidi. Tena, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ina ethanoli mpaka asilimia 10, nayo huharibu mipira ya zamani ya kupitishia mafuta. Mipira ibadilishwe, au mtu anunue ile petroli ya daraja la juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5.

Tena kuna jambo la sheria. Uingereza, motokaa iliyopita umri wa miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 husamehewa pia ukaguzi wa kila mwaka, maadamu haikugeuzwa sana. Lakini sheria yenyewe yataka iwe salama barabarani kila siku. Msamaha wa ukaguzi hauondoi kutu. Kwa hiyo mke akaweka sharti kwamba yao itakaguliwa kila mwaka kwa hiari, mtu asiyewajua aitazame breki na chini ya bodi.

Baada ya miezi minne wakapata. Safari hii walikwenda wote wanne, na mzee jirani akiwa nyuma yao katika gari lake. Ilikuwa MGB GT ya mwaka 1973, ya rangi ya kijani iliyofifia. Viti vilikuwa vimechanika, na injini ikidondosha oili kidogo. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo, aliwaonyesha kila kasoro kabla hawajauliza, akatoa bahasha ya risiti na picha za boriti zilipobadilishwa. Sumaku ikanasa kila mahali. Jeki ikapanda, na mlango ukafunguka na kufungika kama wa sanduku jipya. Bei yake ilikuwa chini ya ile nyekundu, kwani GT kwa kawaida huuzwa rahisi kuliko ya turubai, ingawa paa lake huipa bodi nguvu zaidi. Kiti cha nyuma ni kidogo, mtu mzima hakai, lakini watoto wale wawili wakaingia wakacheka. Fundi akawatilia mikanda kabla hawajatoka nao.

Sasa ni mwaka wa pili. Mpwa wangu amejifunza kutia grisi katika pini za magurudumu ya mbele, kazi ambayo mwenye kuivivia huilipia baadaye, na kutazama oili kila kabla ya safari. Wakati wa chumvi motokaa haitoki. Ikitoka siku ya mvua, haifunikwi mpaka ikauke. Wala hawaiachi imelala miezi mingi, kwani motokaa isiyoendeshwa huharibika pia: breki hunata, betri hufa, mipira hukauka. Mara mbili imewaachia njiani, na mara zote mbili, asema, watoto waliona ndiyo sehemu nzuri ya safari.

Jambo moja alilonionyesha mara ya mwisho lilinipendeza kuliko motokaa yenyewe. Ni daftari. Humo huandika kila kitu: tarehe, maili, kipuri kilichotiwa na bei yake. Ukurasa wa mwisho ameuandika "Kasoro Zilizobaki", na chini yake zimepangwa kwa namba, pamoja na ufa mdogo katika bati la buti ambao hakuna mtu angeuona.

Nikamwuliza, "Hii ya nini, na motokaa ni yako mwenyewe?"

Akanijibu, "Mjomba, haitakuwa yangu siku zote. Siku nitakapoiuza, huyo mnunuzi pengine atakuwa kijana kama nilivyokuwa mimi, amekuja peke yake, jioni, mvua inanyunya. Hatajua la kuniuliza. Daftari litamjibu."

Basi, ndugu vijana, mwenye uwezo na anunue, na aifurahie mali yake pamoja na watu wake. Lakini aende mchana, aende na ajuaye, na kabla ya yote awaulize walio nyumbani.

Wassalaam.