Umeme Kidogo Si Umeme Mpole

Ndugu mtumishi, bila shaka umekwisha kusikia mwenzako katika ateliye akisema: «Leo umeme ni kidogo, hauna nguvu ya kudhuru mtu.» Mimi ninasema kwamba siku ya umeme kidogo ndiyo siku ya kufungua macho zaidi.

Tutazame kwanza moteri. Imepewa kazi ya kuzungusha turi au pompi, na ikikosa volti za kutosha inavuta ampea nyingi zaidi ili imalize kazi ile ile. Ampea nyingi ni joto. Tena nguvu yake ya kuzungusha inashuka upesi kuliko volti zenyewe. Mahali pa volti 380 ukipata 304, ni kusema sehemu 80 kwa 100, nguvu ya kuanzia inabaki 64 tu kwa 100. Kwa hiyo mashini inanguruma, haianzi, na harufu ya vernisi inayoungua inatoka.

Hapo relei ya joto inaruka. Mtu anabonyeza tena. Anabonyeza mara ya tatu. Kiisha anatafuta kipande cha waya mnene na kukitia mahali pa fuzibu. «Tumalize kazi kwanza!» Ndugu, fuzibu ilikuambia ukweli, na wewe umeifunga mdomo. Kuanzia saa ile, waya ulio ndani ya ukuta ndio fuzibu yako.

Lakini hatari ninayoiogopa zaidi ni ingine. Volti zikishuka sana, kontakteri inaachia na mashini inasimama. Kama mashini ina kontakteri na kitufe cha kuanzia, haitaanza tena mpaka ubonyeze. Lakini mashini nyingi za zamani zina kifungio cha kugeuza tu: umeme ukirudi, zinazunguka zenyewe. Nilikuwapo siku moja mashini ya kutobolea iliposimama hivi. Kijana alikuwa amekwisha kushika ncha ya kutobolea, anataka kuitoa. Kapita akapiga kelele: «Kata kwanza!» Kijana akakata, akanuna kidogo kwa kuonywa mbele ya wenzake. Kabla hajapangusa mikono yake, taa zote za ateliye zikawaka nyeupe. Hakuna aliyesema neno.

Sasa, kosa linatoka wapi? Sisi wa Katanga tuna jibu moja kwa yote: «Ni Inga.» Ni kweli, laini ya Inga mpaka Kolwezi, ya kilometa 1.700 hivi, inatuletea umeme kutoka mbali tangu mwaka 1982, na tuna pia mabwawa ya karibu kama Nzilo kwenye Lualaba na Mwadingusha kwenye Lufira. Lakini mara nyingi kosa liko hatua ishirini tu kutoka mahali unaposimama, na kulitupia Inga ni njia ya kukwepa kulitafuta.

Fundi wa umeme aliyepewa ruhusa, na yeye peke yake, apime volti mara mbili: mashini ikiwa imesimama, na mashini ikiwa kazini. Apime kwenye tablo kuu, kiisha kwenye mashini yenyewe. Kama volti ni chache kwenye tablo hata mashini zote zikisimama, basi kweli kosa linatoka nje. Kama kwenye tablo ni nzuri na kwenye mashini zinashuka wakati wa kazi, kosa liko katikati: skurubu iliyolegea, kontakteri iliyoungua ndani, waya mwembamba. Apime pia faze zote tatu, mbili kwa mbili. Faze moja ikikosekana, moteri inanguruma tu na kuungua, hata kama taa zinawaka vizuri.

Hesabu ya waya mwembamba ni hii. Ralonji ya mita 50, yenye shaba ya milimeta mraba 1,5, inapoteza karibu volti 12 kwa ampea 10. Si mbaya sana. Lakini moteri ya ampea 10 inaweza kuvuta ampea 60 wakati wa kuanza: volti 70 zinapotelea njiani, na kati ya 220 moteri inapata 150. Na ukiacha ralonji hiyo imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, na plastiki inayeyuka.

Wewe unayeongoza turi, usifungue tablo. Kazi yako ni kukata, kutia kufuli, na kumwambia fundi mambo uliyoyaona: saa gani, mashini gani nyingine ilikuwa inaanza, taa zilififia au hapana. Maneno hayo matatu yanamsaidia fundi kuliko «haitembei».

Na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani: ile moteri ndogo nyuma ya frigo ni ndugu ya moteri ya ateliye. Jioni, watu wote wakipika kwa umeme pamoja na balbu ikawa nyekundu kama kaa, sikiliza frigo. Ikinguruma na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza, uichomoe. Umeme ukirudi vizuri, ungoje dakika tano kabla ya kuichomeka.