MAJI YA GESI YASIYO SUKARI YANAFAA MEZA YA WAGENI

Wapo wenzangu hapa shuleni waaminio kwamba kinywaji kisicho na sukari hakistahili kuitwa kinywaji, na kwamba mgeni akiletewa maji amedharauliwa. Maneno hayo huyasikia kila tunapozungumza habari za Siku ya Wazazi. Mimi siyakubali. Kwa idhini ya Mhariri nataka kueleza kwa nini, na kisha kuonyesha kwamba kinywaji cha kumpa mgeni twaweza kukitengeneza kwa mikono yetu, chenye gesi na harufu nzuri ya matunda, pasipo kutia sukari hata chembe.

Kwanza tuitazame soda yenyewe. Soda ya kola ya mililita 330 huwa na sukari gramu 35 hivi, nayo ni kama vijiko vya chai vinane au tisa. Ni nani kati yetu awezaye kutia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha chai mbele ya mama yake asiulizwe kama ana akili timamu? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote tuipatayo katika chakula cha kutwa, tena likasema ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Basi chupa moja imekwisha kuupita mpaka huo, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi na maandazi.

Nami sisemi haya kwa kupenda hesabu tu. Bibi yangu mzaa mama ana kisukari. Kila aendako kuwaamkia watu huletewa soda, kwa kuwa ni mzee na anaheshimiwa. Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, huinywa nusu asije akaonekana ameikataa heshima. Hata siku aliyokuja kunitazama hapa shuleni mambo yalikuwa yayo hayo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Lakini usiku ule niliwaza sana, nikajiuliza ni wazee wangapi walioketi chini ya miembe yetu siku ile wakinywa kwa adabu kitu walichokatazwa na daktari.

Sasa, mgeni hupenda nini katika soda? Hupenda ubaridi, hupenda mlio wa kizibo kinapofunguliwa, na hupenda vile viputo vinavyochoma ulimi. Vitu hivyo havina deni kwa sukari. Viputo ni hewa ukaa iliyoyeyushwa katika maji, na wa kwanza kuvitengeneza hawakuwa na habari ya utamu. Mwaka 1767 Mwingereza mmoja, Joseph Priestley, aliyekuwa mhubiri na mwalimu, alikaa jirani na kiwanda cha pombe katika mji wa Leeds. Aliona kwamba juu ya mapipa yenye pombe inayochachuka hukaa hewa nzito, akayamimina maji kutoka chombo hiki hata chombo hiki ndani ya hewa ile, akapata maji yenye viputo. Mwaka 1772 aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha watu jinsi ya kuyatengeneza. Mwaka 1783 Johann Jacob Schweppe akaanza kuyafanyia biashara mjini Geneva. Sukari na rangi zilikuja kuingia baadaye.

Likizo iliyopita niliyajaribu nyumbani pamoja na mama. Tulichukua chupa mbili za plastiki za nusu lita, zile zilizouzwa na soda ndani yake, maana chupa za maji ya kawaida ni laini mno. Tulitoboa vizibo vyote viwili, tukapitisha mpira mwembamba kutoka kizibo kimoja hata cha pili, na kuziba pembeni kwa gundi isivuje hewa. Chupa ya kwanza ilitiwa siki mililita 70 hivi. Ya pili ilitiwa maji safi ya baridi robo tatu, tukaiminya mpaka hewa ya juu ikatoka, ndipo tukaifunga. Kisha kijiko kimoja cha chai cha magadi soda kilifungwa katika kikaratasi chepesi, kikadumbukizwa katika siki, na kizibo kikakazwa upesi. Kijiko hicho, gramu 5 hivi, huzaa hewa ukaa ipatayo karibu lita moja na nusu. Ile chupa iliyominywa hufura na kuwa ngumu. Hapo uitikise kwa dakika mbili tatu, na chupa ya siki iache isimame wima, usije ukanywa siki. Mwisho fungua polepole.

Watu wawili nawaonya. Wa kwanza ni yule atakayetumia chupa ya kioo, kwa kuwa kioo kikipasuka hakichagui jicho la nani. Wa pili ni yule atakayeona kijiko kimoja hakitoshi akatia vitano. Akitaka viputo zaidi, afungue, aanze upya. Wako pia watiao magadi na ndimu moja kwa moja katika bilauri. Njia hiyo ni rahisi lakini maji huwa ya chumvichumvi, na mtu mwenye shinikizo la damu hayamfai.

Ubaridi ndio siri kubwa. Maji yaliyokaribia kuganda huweza kubeba hewa ukaa kama lita 1.7 katika kila lita moja. Yakiwa na joto la nyuzi 20 hayafikishi hata lita moja. Asiye na jokofu asikate tamaa, mtungi wa udongo ukiwekwa penye upepo hufanya kazi nzuri.

Matunda hutiwa baada ya gesi, wala si kabla, kwa sababu nyama za tunda huifukuza gesi na povu likafurika mezani. Tena yatiwe machache. Anayekamua machungwa sita ya Muheza katika bilauri moja amerudisha sukari kwa mlango wa nyuma. Ganda la ndimu likikunjwa juu ya maji hutoa mafuta yenye harufu kuliko maji yake. Kipande cha tangawizi kilichopondwa, majani ya mnanaa, kijiko cha mbegu za pasheni, ukwaju kidogo uliolowekwa: vyote nimevionja, na kwangu mimi tangawizi na ndimu ndivyo wafalme. Ukwaju mama aliupenda, mimi sikuupenda. Tusiyanywe kutwa nzima lakini, maana uchachu wa ndimu hula meno.

Labda mtu atauliza, kwa nini basi tusinywe maji matupu? Kwa kila siku, maji matupu ndiyo bora, wala sishindani naye. Mimi nasema habari za meza ya wageni. Na atakayesema kwamba kisicho kitamu si heshima, na aende pwani jioni akawatazame wazee barazani wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia muuza kahawa kuwa amewatusi. (Kweli kashata ipo kando, lakini kila mtu hujimegea apendavyo.)

Siombi soda zipigwe marufuku Siku ya Wazazi. Namwomba Mkuu wa Shule aturuhusu meza moja tu, kando ya meza ya soda, na mwalimu wa kemia atusimamie, ili mzazi mwenye kisukari aweze kunyosha mkono bila kueleza ugonjwa wake mbele za watu. Ndimu tutachanga. Chupa tutaziokota, tutazichemshia maji ya sabuni yaliyopoa na kuzisuuza vema. Mtungi mkubwa uko jikoni, umefunikwa gunia tangu bomba lilipotengenezwa. Sisi wa Kidato cha Nne tuna mtihani mwezi wa Novemba, kwa hiyo tungependa jibu lije mapema, tuwafundishe wadogo zetu wa Kidato cha Tatu kabla hatujaondoka.